Mchezo wa Maneno Nyumbani Mwetu

Katika kurasa hizi walimu wenzetu wameandika mara nyingi juu ya kilimo, afya, malezi na mambo ya darasani. Leo twaomba nafasi tuandike juu ya mchezo. Huenda mtu akasema kwamba mchezo ni jambo la watoto, wala haumpasi mwalimu kuuandikia habari. Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka mchezo wetu wenyewe ulipotufunza somo ambalo hatukulipata chuoni, wala katika miaka yote ya kushika chaki.

Twakaa Kasingirima, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, si mbali na ziwa. Nyumba yetu ina watu wanane: sisi tuandikao, mwenzetu wa nyumba, watoto wanne, shemeji yetu aliye mvuvi, na mama mkwe wetu, ambaye watoto humwita Bibi. Watu wa kando ya Ziwa Tanganyika wajua desturi ya uvuvi wa dagaa. Wavuvi huenda ziwani usiku wa giza pamoja na taa zao, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga, hukusanyika chini ya taa, na hapo hutekwa kwa wavu. Lakini mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, maana nuru imetapakaa juu ya maji yote. Basi wavuvi hupumzika siku kadhaa, hutengeneza nyavu zao na kulala majumbani. Ndizo siku ambazo shemeji yetu huonekana penye chakula cha jioni, na nyumba yote huwa imetimia. Hutandika mkeka uani, mwezi ukawa ndio taa yetu, na mchezo ukaanza.

Mwanzo wake ulikuwa sanduku. Ndugu yetu mmoja, aliporudi kutoka Dar es Salaam, aliwaletea watoto mchezo wa kigeni uitwao Scrabble, ambao wachezaji hupanga vibao vya herufi ili kuunda maneno. Aliyeubuni ni Mmarekani, Alfred Butts, msanifu wa majengo aliyekosa kazi wakati wa dhiki kuu ya miaka ya 1930. Mtu huyo alihesabu herufi katika magazeti ya Kiingereza ili ajue zipi zitumikazo sana na zipi zitumikazo kwa nadra, akatengeneza vibao vyake kwa kadiri hiyo. Kazi yake ni nzuri, lakini hesabu ile ilikuwa ya Kiingereza. Tulipovihesabu vibao tulikuta E 12, A 9, na K 1 tu. Sasa Mswahili atafanya nini na K moja, naye hawezi kuandika hata kaka, kuku wala kikombe? Na Q na X zilikaa bure mikononi mwa watoto, maana Kiswahili hakina kazi nazo. Tena kulikuwa na jambo kubwa kuliko hayo. Bibi hakupata kukaa darasani, wala hasomi. Wajukuu walicheza, naye akawatazama kwa mbali, akichambua mchele wake.

Ndipo tulipokumbuka jambo ambalo kila mwalimu wa darasa la kwanza alijua: mtoto hujifunza kusoma Kiswahili kwa silabi, ba, be, bi, bo, bu. Na silabi, hata asiyejua kusoma aisikia. Tukakata makaratasi magumu ya maboksi, tukaandika silabi moja juu ya kila kipande, tukavitia vyote katika kikapu. Mmoja huchopoa kipande na kusema kwa sauti, "Neno!" Wote huitikia, "Litoke!" kama vile mtega kitendawili anavyoitikiwa. Kisha huitaja silabi, na kila mtu kwa zamu hutoa jina la kitu lianzalo kwa silabi hiyo. Kitinda mimba wetu hupiga makofi matatu. Kofi la tatu likilia nawe hujasema, umetoka. Ukirudia neno lililokwisha kutajwa, umetoka. Abakiaye peke yake hukichukua kipande, na mwisho wa usiku vipande huhesabiwa.

Maelezo haya ni ya polepole, lakini mchezo wenyewe ni wa mbio. Silabi ikiwa KA, maneno humiminika: kamba, kalamu, karanga, kasuku, kabati, kanga, kata, kaa, kaptula! Mzunguko wa kwanza ni mwepesi, na wa pili pia. Lakini wa tatu ufikapo, mtu mzima mwenye akili zake hukodoa macho kama aliyepotea njia sokoni, na maneno elfu aliyoyasema mchana kutwa yamemkimbia yote. Shemeji yetu, ambaye hutambua kwa mbali mtumbwi wa nani unarudi, mara moja alishindwa kupata neno hata moja la SA, naye ameketi karibu na sahani ya sangara. Watoto walicheka hata wakalala chali.

Kila mchezo una wajanja wake. Haikupita muda watoto waligundua kwamba silabi KI ni shamba lisilo na mwenyewe, kwa kuwa kila kitu hupunguzwa kikawa kidogo: kijumba, kitoto, kijiti, kijito. Shemeji naye akaigundua U: uvuvi, utoto, uzee, ualimu, utajiri, umaskini, angeweza kuendelea mpaka alfajiri. Basi tukatunga sheria kwamba katika KI na U yatakubaliwa majina ya vitu vinavyoshikika kwa mkono tu. Twaomba msomaji aikumbuke sheria hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyotutia hatiani baadaye.

Palikuwa na mashauri mengine pia. Silabi M ilipotoka, mmoja alisema "mbwa", na mkubwa wake akamkataza, akidai kwamba mbwa ni wa silabi MBWA, kama vile mbuzi alivyo wa MBU. Sisi tulikuwa tukitafuta maneno ya kueleza, lakini Bibi alitangulia. "Pigeni makofi," alisema. Akapiga: m-bwa, makofi mawili; mbu-zi, makofi mawili. Katika mbwa, M ina kofi lake peke yake. Katika mbuzi haina. Mama huyu ambaye hakushika kitabu alikuwa ameeleza kwa viganja vyake jambo ambalo walimu huliandika kwa maneno mengi: mkazo wa Kiswahili hukaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, na katika neno fupi kama mbwa mkazo huo hubebwa na M yenyewe.

Lilikuja pia shauri la maneno ya ng'ambo. Ziwa letu ni la nchi nne, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, na samaki wa ziwa hawana pasi wala mpaka, lakini majina yao hubadilika penye kila gati. Samaki tumwitaye mgebuka, jirani zetu wa Burundi humwita mukeke. Na hao dagaa wetu wao husema ndagala. Silabi NDA ilipotoka, Bibi, ambaye ujana wake aliupitisha akienda huku na huku katika pwani za ziwa, alisema "ndagala". Mtoto akasema si Kiswahili. Tulihukumu kwamba neno lolote ambalo mtu aweza kununulia kitoweo katika soko la Ujiji bila kuulizwa mara mbili, hilo lakubaliwa. Hukumu hiyo ilisifiwa na wote, nasi twakiri kwamba sifa zile zilitupendeza mno.

Maana twapaswa kueleza mahali petu katika mchezo huu. Haikuwa adabu sisi kukaa mkeka mmoja na mama mkwe na kupigiana kelele naye. Basi tulikaa pembeni juu ya kiti, tukawa mwamuzi. Juu ya magoti tuliweka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotungwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1981. Watoto waliiogopa kamusi ile kama askari. Tukisema "limo", limo. Tukisema "halimo", halimo. Na mwenye kitabu magotini, wasomaji wapenzi, husahau upesi kwamba kitabu kina faida kikifunguliwa tu.

Ilikuwa usiku wa mbalamwezi, mwezi wa Machi, mvua imepumzika na uwanja umekauka. Silabi ilikuwa U, mzunguko wa nne. Yamekwisha kutajwa ufunguo, ufagio, uzi, ubao, upanga, upinde, ungo, upawa, utambi, uteo, ukuni. Waliobaki ni wawili: mtoto wetu wa pili, ambaye ni mwepesi kuliko wote, na Bibi. Mtoto akasema "ukili". Kofi la kwanza. Kofi la pili. Bibi akasema, "Upo."

Mtoto akaruka juu. "Bibi, mimi nipo, na wewe upo!" Mkeka wote ukaanguka kwa kicheko. Shemeji alicheka. Mwenzetu wa nyumba alificha uso kwa upande wa kanga. Nasi tulicheka. Bibi alinyosha mkono wake, akaukunja kama kikombe, akaanza kusema, "Ni kile cha…" Lakini sisi tulikwisha kutoa hukumu, kwa haraka ile ile ya mchezo. Tulisema, "Mama, hilo si jina, ni kitenzi. Umetoka." Kamusi ilikuwa magotini petu. Hatukuifungua.

Bibi alisema, "Haya." Akaukunjua mkono wake, akainuka polepole, akaingia ndani.

Usiku ule hatukuona jambo. Tulidhani amechoka. Mwezi uliofuata, wavuvi walipopumzika tena na mkeka ulipotandikwa, Bibi alisema ana dagaa wa kuchambua, akabaki jikoni. Watoto walimwita, naye akawajibu kwa upole kwamba wacheze tu. Walicheza, lakini mchezo ulikuwa baridi, ukaisha mapema. Mwezi wa pili, hakuitwa tena. Kisha mwenzetu wa nyumba akatuambia, usiku, kwa sauti ndogo, kwamba mama yake anataka kwenda kukaa kwa nduguye huko Ilagala, mvua zikiisha. Tulimwuliza sababu. Akasema, "Hakusema sababu. Amesema tu kwamba nyumba hii ni ya watu waliosoma."

Maneno hayo yalituingia kama mwiba, lakini bado hatukujua mwiba huo umetoka mti gani. Tulijiona kuwa mkwe mwema. Hatukumnyima chakula wala dawa, wala hatukupata kumwinulia sauti. Tulijihesabia haki kwa mambo tuliyoyatenda, wala hatukulikumbuka tulilolisema.

Mwisho wa mwezi wa Mei tulipata habari ya msiba wa mzazi wa mwalimu mwenzetu huko Mwamgongo, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe. Watu wa vijiji vile husafiri kwa maji. Tulipanda mtumbwi wa mbao wenye mashine, Kibirizi, asubuhi, watu wengi na mizigo mingi. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza kuvuma, kama uvumavyo katika miezi ile ya kiangazi. Tulipopita katikati ya safari mawimbi yalipanda juu ya ubao, maji yakaingia, yakafika vifundoni. Wanawake wakainua mizigo yao. Nahodha, mzee mwenye mvi, hakushtuka. Alimpigia kijana wake kelele kutoka nyuma, "Upo! Upo uko wapi?"

Kijana akainama chini ya ubao wa kukalia, akatoa dumu la plastiki lililokatwa kwa upande, lenye mkono wake, akaanza kuyateka maji na kuyamwaga ziwani. Aliteka, akamwaga, aliteka, akamwaga, hata mtumbwi ukawa mkavu, nasi tukaendelea na safari.

Tulikaa pale, miguu yetu imelowa, tukautazama mkono wa kijana yule. Alipoteka alikuwa akiukunja kama kikombe. Ulikuwa ndio mkono wa Bibi juu ya mkeka. Tulimwuliza nahodha jina la kile chombo, ingawa tulikwisha kulisikia. Akasema, "Huo ni upo, Mwalimu. Zamani tuliuchonga kwa mti. Sasa dumu latosha. Baba yangu aliniambia, mtumbwi usio na upo usiupande hata kama ni wa ndugu yako." Akacheka. Sisi hatukuweza kucheka.

Tuliporudi nyumbani siku ya tatu, kabla ya kunywa maji tulifungua kamusi. Neno limo. Upo, wingi wake nyupo, ni chombo cha kutolea maji yaliyoingia katika mtumbwi au jahazi. Liliandikwa pale tangu siku ile ya Machi, kurasa chache tu chini ya kidole chetu. Nalo lilikuwa jina, na jina la kitu kishikikacho kwa mkono, sawasawa na sheria tuliyoitunga wenyewe.

Tulikaa na kitabu kile muda mrefu, tukifikiri namna neno la mabaharia wa pwani lilivyoweza kufika kwa mama wa Ujiji, mbali kiasi hiki na bahari. Lakini si ajabu. Wasafiri Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, walikuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kuijua njia. Na mwezi uliofuata Speke alivuka ziwa mpaka kisiwa cha Kasenge kumwomba tajiri mmoja wa Kiarabu ampe jahazi lake, akarudi bila kulipata. Basi tangu wakati huo palikuwa na jahazi juu ya ziwa hili. Na jahazi haliendi peke yake, huenda pamoja na maneno yake. Wenye jahazi walikwisha kuondoka, na neno lilibaki vinywani mwa watu waliofanya kazi ile, baba kwa mwana, mpaka kwa Bibi, ambaye baba yake alikuwa mtu wa mitumbwi. Yeye alilipokea neno hilo kwa mkono, katika maji yaliyoingia chomboni, nasi tulilitoa kwa kicheko.

Tena tulifikiri juu ya kamusi yenyewe. Je, waliotunga kamusi waliyatoa wapi maneno yao? Mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikaa na watu wa Mombasa na Rabai, akawauliza, hiki ni nini, na hiki mwakiitaje, akaandika. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1882, yeye amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Na waliokuja nyuma yake, hata waliokusanyika katika Halmashauri ya Lugha mwaka 1930, na walioiandika hii iliyokuwa magotini petu, walisimama juu ya kazi ya namna hiyo hiyo: kuwauliza watu wanaojua. Basi kitabu kile ambacho tulikifanya askari wa kumfukuza Bibi kilitengenezwa kwa vinywa vya watu kama Bibi. Mwenye kamusi asiyependa kuuliza amesahau kamusi ilitoka wapi.

Lakini kujua kosa si kuliondoa. Kwa desturi zetu, mkwe hamwendei mama mkwe wake moja kwa moja na jambo zito. Tulimtuma mwenzetu wa nyumba kwanza, amwambie mama yake kwamba tumemkosea na twaomba ruhusa ya kusema. Jibu lilirudi kwamba hana neno. Tulijua maana yake: kosa lililofanywa mbele ya watu haliponyeshwi kwa ujumbe wa sirini. Tukangoja mwezi upevuke. Mkeka ukatandikwa, watoto wakaketi, shemeji akaketi, nasi tukamwomba Bibi atoke jikoni kwa heshima yetu, hata kama hatacheza.

Alitoka, akasimama penye mlango. Tulishuka juu ya kiti, tukapiga magoti, tukamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba. Tukaifungua kamusi mbele ya watoto, tukamwambia mtoto wetu wa pili asome. Alisoma neno, akasoma maana yake, kisha akanyamaza, akatazama chini. Tukasimulia habari ya mtumbwi na maji na mkono wa kijana. Tukasema kwamba usiku ule mwenye haki alikuwa Bibi, na aliyetoka alikuwa mwamuzi. Tena kwamba mwamuzi alikuwa na kitabu asikifungue, na alikuwa na masikio asimsikilize mama alipoanza kueleza.

Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akasema maneno ambayo hatutayasahau. "Mwalimu, mimi sikuondoka kwa ajili ya neno. Neno ni langu, hata mkilikataa ni langu. Watoto wakicheka, ni watoto, nami ni mtani wao. Lakini wewe ulicheka, nao wakakutazama ukicheka. Nikasema moyoni, kuanzia leo kila nitakalowaambia watatazama kwanza uso wa baba yao."

Hatukuwa na jibu. Mtoto wetu wa pili akainuka, akamshika mkono, akasema, "Bibi, kaa. Kipande cha U ni chako." Akakichukua kipande kikapuni, akakitia mkononi mwake. Bibi akakitazama, ingawa hakukisoma, akakifunga katika pindo la kanga yake. Akaketi. Kisha akasema, "Na kazi ya upo yaitwaje?" Watoto wakasema ni kuteka, ni kumwaga, ni kuchota. "Kufua maji," akasema Bibi. Mmoja akataka kucheka, kwa kuwa alijua kufua nguo tu, lakini alitutazama kwanza usoni, akaona hatucheki, akasema, "Kumbe!"

Habari ya Ilagala haikutajwa tena mwaka ule. Alikwenda kumsalimu nduguye, akakaa juma mbili, akarudi na tenga la migebuka wakavu.

Tangu hapo tumeongeza sheria moja katika mchezo wetu. Neno wasilolijua wengine halikataliwi. Makofi husimama, na mwenye neno hupewa nafasi ya kueleza: kitu hicho ni nini, chafanya kazi gani, na amelisikia kwa nani. Baada ya hapo kamusi hufunguliwa. Neno likiwamo, vema. Lisipokuwamo, lakini wakapatikana mashahidi wawili wa kulijua, huandikwa katika daftari ambalo binti yetu mkubwa hulitunza, pamoja na maelezo ya mwenye neno. Mchezo haukupungua mbio. Waongeza mbio, kwa kuwa sasa hata mtoto mdogo hathubutu kulala mapema, asije akakosa neno jipya.

Somo hili lilitufuata mpaka darasani. Zamani mtoto akiandika ndagala badala ya dagaa, kalamu yetu nyekundu ilipita juu yake bila kuuliza, na aliyeandika aliona haya mbele ya wenzake. Sasa twamwuliza: nani asema hivyo nyumbani kwenu? Kisha twamweleza kwamba katika mtihani litatakiwa neno dagaa, naye alijue barabara, maana Kiswahili sanifu ndicho chombo kinachotuvusha sote, kutoka Ujiji mpaka Unguja. Lakini hatumwambii tena kwamba mama yake amekosea. Mtoto aliyefundishwa kuyaonea haya maneno ya mama yake, kesho atamwonea haya mama mwenyewe.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Sisi twasema kwamba iko haraka yenye baraka, nayo ni ile ya mkekani, watu wa nyumba moja wakishindana kutafuta maneno chini ya mwezi, mkubwa na mdogo wakicheka pamoja. Haraka isiyo na baraka ni ya mwamuzi. Mchezaji aende mbio. Mwenye kuhukumu aende polepole, afungue kitabu, asikilize mpaka mwisho. Hayo yawapasa wazazi, yawapasa walimu, na yeyote aliyepewa na Mungu nafasi ya kukaa juu ya kiti wakati wengine wamekaa chini.

Basi, wasomaji wapenzi, mkiwa na watoto nyumbani, kateni maboksi, andikeni silabi zenu, tandikeni mkeka. Gharama yake ni ndogo. Na katika duara hiyo msikose kumweka mzee mmoja, mkamngoja aseme mpaka mwisho. Kama kwenu yuko Bibi akaaye jikoni peke yake wakati wa michezo, mwendeeni leo, mkamwulize ni neno gani mlimkatalia.

Mwezi huu, tunapoandika haya, mwezi umekaribia kupevuka tena. Shemeji yetu ametengeneza wavu wake, na kitinda mimba ameuliza mara mbili kama mkeka u tayari. Bibi ameketi uani, kipande cha U kingali katika pindo la kanga yake, wala hajakubali kukirudisha kikapuni. Tumelazimika kuandika kingine.